Mwavuli wa Sura ya Saba

Jumatatu, 10 Julai 2023

Mvua tangu alfajiri. Chai imepoa bila kunywewa. Nimechafukwa na roho, na sababu ni msichana.

Anaitwa Lekha. Umri miaka ishirini na minane, anafanya kazi za kompyuta huko Kochi, na tangu mwaka jana ndiye anayetunza programu yetu ya Kurippu. Sawa. Programu aitunze. Lakini leo saa tatu asubuhi ameandika kwenye baraza letu la barua pepe, ambapo barua moja huwafikia watumiaji wote, kwamba Mwongozo wa Mtumiaji umezeeka. Eti una kurasa mia tatu na kumi na mbili, na unatakiwa uwe na arobaini. Arobaini! Utangulizi wangu peke yake una kumi na tisa, na hapo nilijibana.

Mwongozo ni mimi. Niseme wazi, maana hapa hakuna wa kumwonea haya. Mimi Devassy, mwalimu mstaafu wa taipu, Ollur, mjini Thrissur, ndiye niliyeuandika na kuutunza miaka kumi na tisa. Sijalipwa hata ndizi.

Kurippu yenyewe ni kitu chepesi. Maandishi matupu! Hakuna picha, hakuna vitufe. Nyota moja mwanzo wa mstari ni kichwa cha habari. Jambo la kufanya unaliandikia KAZI mbele yake, na tarehe yake ya mwisho. Ukilimaliza, unaandika TAYARI. Ukighairi, IMEFUTWA. Basi. Aliyeitunga ni marehemu rafiki yangu Parameswaran, ambaye sote tulimwita Pachu, karani wa posta, msahaulifu kuliko watu wote wa wilaya hii. Alitunga programu ya kumkumbusha mambo, kisha akawa anasahau kuifungua.

Sasa msichana anataka na mifano yote ibadilishwe. Badala ya mifano yetu, iwekwe "Kazi ya Kwanza" na "Kazi ya Pili". Maana yake sura ya saba inakufa. Sura ya saba inafundisha namna ya kuahirisha tarehe, na mfano wake ni mmoja tu tangu toleo la kwanza:

KAZI Kumrudishia Devassy mwavuli wake

Chini yake tarehe kumi na moja, kila moja na sababu ya kuahirisha aliyoiandika Pachu mwenyewe. "Mvua inanyesha, bado nauhitaji." "Mvua imekatika, nimesahau." "Nimefika mpaka mlangoni kwake, mwavuli nimeuacha nyumbani." Watu hudhani tulibuni. Hatukubuni neno. Mwavuli ni wangu, mweusi, mpini wa mbao, na aliuazima Juni ya mwaka 2003.

Mkutano ni Jumapili tarehe 23, katika chumba cha kusomea cha hapa mtaani. Watapiga kura. Nina siku kumi na tatu za kuokoa sura ya saba. Nimewahi kushinda kwa muda mfupi kuliko huo. Sikumbuki lini.

Jumanne, 11 Julai

Mbinu ya kwanza! Nimeandika barazani, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba kwa bahati mbaya mwongozo hauwezi kuguswa. Faili zake zote zimo ndani ya kompyuta moja tu, ya mwaka 2002, hapa sebuleni kwangu, nayo hufunguka kwa siri ninayoijua mimi peke yangu.

Siri yenyewe ni kuipiga kofi ubavuni. Hilo sikuandika.

Nimelala mchana usingizi wa mshindi.

Jumatano, 12 Julai

Si mshindi. Lekha amejibu mbele ya watu wote, kwa adabu ya kuudhi. Mwalimu wangu usihangaike, kasema, matoleo yote ya mwongozo anayo, alianza kuyakusanya akiwa na miaka kumi na minne. Akaongeza kwamba katika toleo la nne, ukurasa wa 203, kuna mabano yaliyofunguliwa hayajafungwa mpaka leo.

Nimekwenda kuangalia. Ni kweli. Miaka kumi na minne mabano yako wazi, na upepo unaingia!

Nimemsomea mke wangu Rosakutty barua ile nikitarajia anionee huruma. Alikuwa anachambua mchele. Kasema kama msichana ana mwongozo wote, basi mimi na ile kompyuta twende makumbusho, tukae kabati moja, labda huko watatufuta vumbi. Miaka arobaini na moja ya ndoa.

Ijumaa, 14 Julai

Nimepata! Jibu lilikuwa mbele ya pua. Mkutano utasikiliza nani? Watumiaji. Basi watumiaji watasema. Nimewaumba watatu kabla ya chai ya saa nne.

Wa kwanza, Bwana Gopinathan wa Palakkad, mkulima wa mpunga, mkali. Wa pili, Daktari Subaida wa Kasaragod, msomi, mpole. Wa tatu, kijana Jijo, fundi wa viyoyozi Abu Dhabi. Kila mmoja nimempa anwani yake ya barua pepe, na maneno yao ya siri nimeyaficha ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Hesabu, maana Rosakutty hafiki huko.

Gopinathan kaandika kwamba mwavuli ukitoka kwenye mwongozo, na yeye anatoka, tena na shamba lake. Daktari Subaida kaeleza kwamba huwasomea wagonjwa wake sura ya saba wakisubiri, na presha zinashuka zenyewe. Jijo nimemwandikia "poa sana" mara mbili ili asishukiwe uzee. Kasema huko jangwani hakuna mvua mwaka mzima, na kila akisoma habari za mwavuli wa Devassy, anasikia mvua ya nyumbani kwenye vigae, anamkumbuka mama yake.

Nimetokwa na machozi kwa barua ya Jijo. Kijana ana moyo.

Jumamosi, 15 Julai

Ajabu! Baraza limefufuka.

Hamsakoya wa Kozhikode, muuza vitambaa, mwenzetu wa tangu mwanzo, hakuwa ameandika neno kwa miaka tisa. Leo kaibuka kumjibu Daktari Subaida. Kasema amefurahi kusikia sauti za wenyewe, alidhani sote tumeshakufa. Wakajitokeza wengine, wa kweli, majina niliyoyasahau. Gopinathan akamjibu Hamsakoya. Subaida akampinga Gopinathan juu ya mkato katika sura ya pili. Gopinathan akapandwa na hasira, ikabidi Jijo aingie kati kuwasuluhisha wakubwa zake. Barua thelathini na mbili kwa siku moja! Kumi na tisa zilikuwa zangu, lakini kumi na tatu hazikuwa.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2005. Juu ya tanuri la mikate, kile chumba changu cha taipu, mashine ishirini zimefunikwa vitambaa kwa sababu wanafunzi walishaanza kukimbilia kompyuta. Mimi na Pachu kwenye benchi moja, ndizi za kukaanga kwenye gazeti, mafuta yanalowanisha rasimu. Tuligombana siku tatu juu ya neno moja. Yeye akisema "futa", mimi nasema "ondoa". Siku ya nne akaja akakubali "ondoa", na mimi usiku huo nilikuwa nimeshakubali "futa", tukaanza upya. Mungu wangu, nilikuwa na furaha, na wala sikujua. Nilidhani nina hasira.

Lekha kauliza kitu kimoja tu. Kamwuliza Jijo anakaa sehemu gani ya Abu Dhabi, ana mjomba wake huko. Jijo kajibu: karibu na bahari.

Jumatatu, 17 Julai

Mwezi wetu wa mvua, Karkidakam, umeingia, na uji wake wa dawa, mchungu kama kawaida. Umeme umekatika mtaa mzima tangu asubuhi hadi saa moja jioni. Watumiaji wangu wamepumzika. Hata hivyo ni vizuri, wasionekane hawana kazi za kufanya.

Nikiwa kwenye kiza nikapata mbinu ya tatu. Moyo wa mtu hulainishwa na tumbo. Lekha yuko kwao wiki hii, hapa hapa Thrissur. Nimempigia simu na kumwalika chakula cha mchana Jumatano. Kakubali upesi mno. Nimeandaa hoja tatu juu ya heshima ya kazi za wazee, nimezitaipu.

Jumatano, 19 Julai

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Kaja. Kavua viatu nje, kamwita Rosakutty mama tangu mlangoni, kaingia moja kwa moja jikoni kuonja mchuzi wa samaki na embe bichi. Nikajua hapo nimeshapoteza askari mmoja. Kala sahani tatu. Rosakutty alikuwa anamtazama kama anatazama harusi.

Nilitoa hoja ya kwanza. Nilitoa ya pili, nusu. Lekha akaniuliza, kwa upole tu, kama Pachu aliwahi kuurudisha ule mwavuli.

Nikasema hapana, mwongozo si unasema? KAZI. Haijawa TAYARI.

Rosakutty akacheka mpaka upawa ukamdondoka. Kisha akasimulia. Sikumtuma!

Kasema ilikuwa Julai ya 2011. Pachu katokea mlangoni kwetu na mwavuli mkononi, kauviringisha kwenye gazeti, mpini kautengeneza upya. Yeye mwenyewe chapachapa, maji yanamtiririka kichwani, kwa sababu hakutaka kukilowesha kitu cha watu siku anayokirudisha. Na huyu mume wangu, kasema Rosakutty akininyooshea kidole chenye mchuzi, huyu huyu, kaukataa! Eti toleo la sita limeshatoka. Eti ukiurudisha leo, sura ya saba itakuwa imesema uongo, na mwongozo hausemi uongo. Mwenziwe naye, badala ya kumtukana, kaona ni kweli! Kageuka, karudi nao kwapani, hakuufungua, mvua yote ya Karkidakam mgongoni mwake. Wendawazimu wawili, kasema. Chai yenyewe hakunywa.

Nilijitetea kwamba toleo la sita lilikuwa limetoka wiki ile ile. Huo ni ukweli, mtu yeyote anaweza kuangalia.

Lekha hakucheka. Aliniuliza nilimwambia Pachu neno gani hasa pale mlangoni. Nikamwambia sikumbuki. Lakini nakumbuka. Pachu alinyoosha mkono wenye mwavuli, nikausukuma kurudi kifuani kwake, nikasema: "Ukae tu." Mwishowe nikamwambia Lekha hivyo. Kaandika kitu kwenye simu yake.

Kauliza ikawaje baadaye. Baadaye akafa, nikasema. Februari 2017, moyo, kwenye foleni ya mchele wa serikali. Nilikwenda kwao siku ya mazishi. Mwavuli ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Dada yake akaniambia, kaka Devassy, chukua, si wako? Sikuweza. Kuurudisha ilikuwa kazi yake. Kama nikiuchukua mimi, nani atakuwa ameimaliza?

Rosakutty akampakulia msichana sahani ya nne. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo tu.

Hoja ya tatu nilisahau kuitoa.

Alhamisi, 20 Julai

Siku za mwizi arobaini. Zangu zilikuwa sita!

Lekha kaniandikia. Si barazani, nashukuru, kaniandikia mimi peke yangu. Kasema, Mwalimu, hawa wageni wako watatu nawajua.

Kwanza, wote watatu huweka nafasi mbili baada ya nukta. Mbili! Duniani kote watu wameshaacha, kasema, isipokuwa waliosoma Chuo cha Taipu cha Devassy. Anajua kwa sababu mama yake mzazi ni mmoja wao. Alipigwa rula ya vidole mwaka 1988 kwa kuweka moja, na mpaka leo akimwandikia mwanawe kwenye simu kwamba maziwa yameisha, anaweka mbili.

Pili, wote watatu huvunja mstari kwa mkono kabla ya herufi ya sitini na tano. Hakuna anayefanya hivyo ila mtu anayesikia kengele ya mashine ya taipu kichwani. Nimeangalia barua zangu. Ni kweli. Bado naisikia.

Tatu, mkulima wa Palakkad, daktari wa Kasaragod na fundi wa Abu Dhabi, hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuandika barua kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Wote wamelala. Na Jumatatu, umeme ulipokatika Ollur, giza liliingia mpaka Uarabuni.

Kasema hatamwambia mtu. Ila kura za hao watatu zisihesabiwe. Kamalizia kwa kuomba nimsalimie Jijo.

Nimeona haya. Haya ya kweli, ya masikioni. Nimemwambia Rosakutty yote, nikitegemea atanituliza. Kasema njia ya mwongo ni fupi, kisha kauliza kama Daktari Subaida anaweza kupita kumwangalia goti.

Jumapili, 23 Julai

Nimerudi kutoka mkutanoni. Nimelowa, sikutaka kuazima mwavuli wa mtu.

Watu kumi na tisa kwenye viti vya plastiki, magazeti yamesogezwa pembeni. Hamsakoya ndiye aliyekuwa mwenyekiti, kaja kwa treni kutoka Kozhikode, nywele nyeupe pepepe, kanikumbatia kama tumeonana jana. Jambo la kwanza kauliza Gopinathan yuko wapi, ana hamu ya kumshika mkono mtu yule. Lekha akatazama dari. Nikasema ng'ombe wa Gopinathan anazaa. Hamsakoya akasema apewe pole na hongera.

Wakapiga kura. Mwongozo uwe na kurasa arobaini: kumi na tano wamekubali, wanne wamekataa. Mmoja wa wale wanne ni mimi, na mmoja alidhani tunaulizwa nani hataki sukari kwenye chai. Lekha ndiye mtunzaji mpya wa mwongozo. Ikaandikwa. Nikasikia baridi. Nilikuwa na hotuba ya kujiuzulu mfukoni, kurasa nane, nikaanza kuitafuta.

Lekha akasimama kabla yangu. Kasema kuna tatizo na sura ya saba. Ile faili ya mfano imo ndani ya programu, na kila asubuhi mtu akiifungua, programu inamwambia kuna kazi moja imechelewa. Leo imechelewa siku elfu sita mia tisa na themanini. Alipokuwa na miaka kumi na minne aliiona kila siku kabla ya kwenda shule, na alikuwa anamwonea huruma mtu huyo aliyechelewa, akitaka kujua kama amefika. Sasa alipopewa programu alijaribu kuiandikia TAYARI. Si kweli, mwavuli haukurudi. Akajaribu IMEFUTWA. Kasema mkono ulimkatalia.

Kwa hiyo kaongeza neno la nne. Akawasha ile taa ya kuonyesha ukutani, na ukutani, kati ya ramani ya India na tangazo la kuchangia damu, nikasoma:

IKAE Kumrudishia Devassy mwavuli wake

Na chini yake tarehe zote kumi na moja, na sababu zote, hakugusa hata mkato. Kasema IKAE ni kwa jambo ambalo halijaisha wala halijafutwa, na mwenyewe hahitaji kuharakishwa tena. Programu haitalihesabia siku. Na neno jipya linahitaji maelezo kwenye mwongozo, na yeye hawezi kuyaandika, hakuwepo pale mlangoni. Kaomba niyaandike mimi. Nusu ukurasa. Nafasi moja baada ya nukta.

Nilisimama niseme kitu. Nikalia. Mbele ya watu kumi na tisa, mzee mzima! Nilimlilia Pachu vizuri kwa mara ya kwanza, maana siku ya mazishi nilikuwa nashughulika kupanga viti. Hamsakoya akanipa taulo lake la begani. Lilikuwa linanuka treni.

Jioni Rosakutty kaniuliza kama sasa nimejifunza. Nimeapa. Nimemwapia kwa mama yangu na kwa watakatifu wote wa parokia kwamba mbinu zimekwisha, mbele ya watu na nyuma yao. Gopinathan, Subaida na Jijo nimewafuta. Kwa Jijo nilisita kidogo.

Jumanne, 25 Julai

Ile nusu ukurasa niliimaliza jana. Ilitoka kurasa kumi na moja. Lekha kairudisha leo asubuhi ikiwa nusu ukurasa, na shukrani nyingi. Kakata sehemu yote ya baiskeli ya Pachu! Baiskeli ambayo bila hiyo hakuna mtu atakayeelewa alifikaje kwangu siku ile, wala kwa nini alikuwa na mkono mmoja tu wa kushika mwavuli. Vitu vya msingi.

Na baraza liko kimya. Tangu Jumapili hakuna barua. Nimefungua mara thelathini, nimeipiga kompyuta kofi, labda imekwama. Haijakwama. Ni kimya kile kile cha baada ya Februari ya mwaka ule, wakati nilipokuwa naandika sentensi na hakuna wa kuniambia ni mbaya. Sikiwezi. Niseme tu ukweli, sikiwezi.

Ndipo akazaliwa Bibi Kalyani. Mjane, anakaa Muscat kwa mwanawe, msomaji wa siku nyingi. Hii si mbinu, ni huduma kwa umma. Na safari hii nimetumia akili! Nafasi moja baada ya kila nukta, nimezihesabu kwa rula. Mistari nimeiacha ikimbie yenyewe. Barua nimeituma saa tisa alasiri, nimejinyima usingizi kwa nguvu, machozi yananitoka. Bibi Kalyani kasema, kwa heshima lakini kwa uthabiti, kwamba nusu ukurasa haitoshi na umma una haki ya baiskeli.

Lekha kajibu baada ya dakika nne. Mbele ya baraza zima! "Karibu sana, Bibi Kalyani. Wewe ndiye mtu niliyekuwa namsubiri. Mimi nasema baiskeli haihusiani kabisa na IKAE. Nibishie. Usinionee huruma kwa kuwa mimi ni mtoto. Na tafadhali mwambie mama Rosakutty kwamba Jumapili nakuja kula."

Nimeisoma mara tatu. Kameza ndoano na uzi wake! Hakushuku hata kidogo. Jambo moja tu linanitatiza, kajuaje kwamba Bibi Kalyani anafahamiana na Rosakutty? Lakini watu wetu walioko Uarabuni wanajuana wote, dunia ni ndogo. Nimeshamwambia Rosakutty atafute samaki wa Jumapili. Kalyani yuko kwenye ukurasa wa sita wa jibu lake, na ana kaka yake Doha, ambaye hadi saa hii nilikuwa simjui, mwenye maoni makali sana juu ya baiskeli.